Themosi Moja, Nyumba Tisa

Usile kuku wa mtu kabla hujaona jiko lake. Nimeanza na hilo kwa sababu nawajua nyinyi vijana, hamsomi mpaka mwisho. Ukitoka hapa na neno moja tu, toka na hilo.

Jumanne iliyopita msichana anayeitwa Shiko alikuja hapa kwangu Ngoingwa na simu kubwa kama sinia. Alikuwa anasajili wazee ambao bei za siku hizi zimewalemea. Alikaa, akauliza maswali yake, akamaliza, akashukuru, akaenda. Kumbe pale nje jirani akamwambia kwamba kazi hiyo hiyo niliifanya mimi miaka mingi, Thika na Ruiru, kwa miguu hii ambayo sasa inalia kama mlango nikipanda ngazi. Akarudi mbio, akiniita nyanya kwa Kikuyu. "Cucu! Kumbe wewe ni mwenzetu! Hebu tuandikie kitu, wale wapya kazini wasome."

Basi hii hapa. Shiko, kaa vizuri, wewe nitakurudia mwishoni.

Mimi ni Wairimu, lakini kutoka Witeithie hadi Gitothua hakuna aliyenijua kwa jina hilo. Waliniita Mama Fomu. Hata mume wangu, Mungu amrehemu, akikasirika aliniita hivyo hivyo.

Ilikuwa miaka ya tisini, na bei ya vitu ilikuwa inaamka mapema kuliko sisi. Unalala ukijua sukari ni hivi, asubuhi mwenye duka anakutazama kwa huruma kabla hujafungua mdomo. Viwanda vilikuwa vinapunguza watu. Aliyezoea kununua unga wa pakiti akaanza kununua kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili wa kupimia, halafu nusu gorogoro. Mafuta ya kupikia yakawa ya kijiko, unafungiwa kwenye nailoni, unarudi nayo nyumbani kama mtu aliyebeba dawa. Kuna wakati tulikula unga wa manjano, ule wa msaada, na mtu akikuuliza umepika nini unasema "ugali" haraka haraka, unafunika sufuria.

Sasa akina mama wa makanisa mawili ya Thika, akina mama wa msikitini kule Majengo, na wenye maduka wachache wenye roho, wakaungana wawe wakichanga unga, maharagwe na mafuta ya taa kwa familia zilizozidiwa. Stoo ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kanisa, na panya wa humo walinona kuliko sisi wote. Watu walituita Kamati ya Unga.

Mwenyekiti alikuwa Bi Zainabu wa Majengo, muuza vitambaa sokoni. Ukimuuliza kabila anakwambia, "Babu mmoja Mnubi, nyanya Mkamba, na huyo mwingine alikufa kabla hajasema." Alikuwa mwembamba, mfupi, na ulimi wake ungeweza kukata leso bila mkasi. Kila nilichojua katika kazi hii alinifunza yeye, na mara nyingi alinifunza nikiwa nimeshaharibu.

Mimi nilikuwa mtu pekee aliyelipwa, kwa sababu nilikuwa nimesomea kupiga taipu. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka nyumba kwa nyumba nikiamua nani aingie kwenye orodha. Wiki ya kwanza tu nikajitungia fomu. Woi, hiyo fomu! Maswali kumi na mawili, yamepigwa taipu, na mstari chini ya kila moja. Ana redio? Ana themosi? Ana vikombe vyenye visahani? Ana vitambaa vya kufuma kwenye viti? Amekula nyama mwezi huu? Ukipata ndiyo nne, naandika ANAJIWEZA kwa herufi kubwa, na jina lako halifiki kwenye orodha.

Nilimpelekea Bi Zainabu kwa madaha. Akaisoma juu hadi chini, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kingine.

"Umesahau kuuliza kama ana pua," akasema.

Nikaona ni wivu. Yeye hakuwa anajua taipu.

Tena kwa muda fomu ilinifanya nijione mjanja. Kulikuwa na fundi mmoja wa Witeithie, jina silitaji, ana wajukuu wanaosoma. Alisikia nakuja, akatoa kila kitu nyumbani akapeleka kwa jirani. Naingia nakuta chumba kitupu, gunia sakafuni, yeye amekaa juu ya debe ameshika shavu. Kitandani kulikuwa na blanketi limeinuka katikati.

"Nani huyo?" nikauliza.

"Ni mama yangu. Mgonjwa. Hajasema neno tangu wiki jana."

Jamani, nilimwonea huruma. Nikapiga magoti kando ya kitanda nimwombee. Nimefika mahali pa "ufungue kinywa chake, Bwana," na saa saba kamili ikagonga. Mama akalia pi pi pi, halafu kwa sauti nzito ya mwanamume akasema hii ni taarifa ya habari.

Fundi hakushtuka hata kidogo. "Ameanza kuweweseka," akasema.

"Mwache amalizie," nikamwambia, "nataka kujua kama kutanyesha."

Tukakaa pale wote wawili, tukamsikiliza mama yake mpaka hali ya hewa. Ilikuwa redio kubwa ya spika mbili, na alikuwa ameifunika vizuri kiasi kwamba ilishindwa kupumua. Nikaandika ANAJIWEZA, nikaenda zangu nikicheka peke yangu barabarani. Nikajiambia, Wairimu, hakuna atakayekudanganya tena. Na hapo ndipo nilipopotea. Nilidhani watu hudanganya upande mmoja tu. Anayeficha vitu vyake utamshika, kwa sababu vitu haviwezi kunyamaza. Wa kuogopa ni yule anayevitoa kumwonyesha mgeni.

Sasa nikupeleke Gitothua.

Kulikuwa na ploti ya mabati yenye vyumba tisa, vinne upande huu na vitano upande ule, choo mwisho kabisa. Wengi walikuwa watu wa vibarua, na waliotoka magharibi kuja kutafuta kazi. Nilituma neno Jumapili kwamba nitakuja Jumatano kukagua. Ndiyo, nilitangaza! Nilidhani ni adabu.

Chumba cha kwanza kilikuwa cha Mama Kevo, mama mnene mwenye kicheko kikubwa. Nakuta kiti cha wageni kimefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, meza imepangwa vikombe na visahani vyake, na katikati themosi kubwa yenye maua mekundu, kifuniko kimefungwa na uzi wa bluu. Akanimiminia chai. Nikaandika kila kitu. Wakati huo nilijivunia kuandika mambo madogo madogo: "Themosi ndiyo. Maua mekundu. Uzi wa bluu."

Chumba cha pili, kitambaa cheupe, vikombe na visahani, themosi ya maua mekundu. Chai. Cha tatu, vivyo hivyo. Nikajisemea, kumbe Gitothua watu wameendelea hivi na hatuambiwi! Kufikia chumba cha tano chai ilikuwa imenifika hapa shingoni, na nilikuwa nimeenda choo mara nne. Kila nikiwa chooni nasikia miguu inakimbia uani, vyombo vinagongana, na mtu anasema kwa sauti ya chini, "Bado! Bado! Mwongeleshe!" Nikitoka nakuta mama fulani amesimama mlangoni pa choo, anauliza hali ya watoto wangu, mmoja mmoja, kwa majina. Nikaona hawa ni watu wa heshima sana.

Chumba cha tisa kilikuwa cha Mama Nekesa. Mrefu, mweusi wa kung'aa, sauti ya mtu aliyezoea kuitana shambani. Mume wake alikuwa amepunguzwa kwenye kiwanda cha nguo huko Thika, akarudi upande wa Bungoma kutafuta kazi, na kwa miezi mingi hakuleta hata salamu. Yeye alivuna kahawa msimu ukiwa mzuri, na msimu ukiisha alifulia watu nguo. Watoto walikuwa wanne. Alinieleza haya akicheka, akinipangusia kiti.

Themosi ilikuwa mezani, lakini hakunimiminia. "Chai ni baadaye," akasema. "Kwanza chakula. Kwetu mgeni hatoki na mdomo mkavu."

Akaleta kuku. Kuku mzima, watu wangu, wa kuchemsha, na mchuzi umeelea mafuta. Juu kabisa kwenye sahani yangu akaweka firigisi.

"Hii ni yako," akasema, akasimama kando kuona kama nitaila.

Mimi ni mtu wa Thika, kwetu firigisi ni kipande tu cha ndani. Sikujua kwamba kwao hicho ndicho kipande cha heshima, hakipewi mtu hivi hivi. Nilikitafuna kama soli ya kiatu, nikitabasamu. Nikauliza watoto wako wapi, wasije tule nao?

"Wameshakula," akasema.

Nikaamini. Nikala mapaja yote mawili. Halafu mbele yake, na vidole vina mafuta, nikaandika ANAJIWEZA, nikapiga na mstari chini. Nikaongeza: "Hata kuku anachinja."

"Mama, orodha inafungwa lini?" akaniuliza nikiinuka.

"Jumamosi."

"Na sisi, tumo?"

Nikamjibu kama serikali. Nikamwambia, "Mtajulishwa."

Mpaka leo natamani kulirudisha hilo neno.

Alasiri hiyo nikampa Bi Zainabu fomu zangu tisa. Alizisoma taratibu, miwani puani, huku mimi nikiota jua mlangoni nikisubiri kusifiwa.

"Wairimu."

"Naam, Bi."

"Hawa watu wa Gitothua walinunua themosi kwa jumla?"

"Vipi, Bi?"

"Nyumba tisa, themosi tisa. Zote maua mekundu. Zote uzi wa bluu kwenye kifuniko. Ama kuna fundi anazunguka Ruiru akifunga uzi wa bluu?"

Miguu ile ya uani, "mwongeleshe," vyombo vikigongana, yote yakanirudia kwa mpigo.

"Umekunywa chupa moja kutoka mlango hadi mlango," akasema. "Hapo kinachojiweza ni chupa." Akachukua fomu ya mwisho. "Na huyu alikuchinjia kuku. Uani uliona kuku wangapi?"

"Sikuona hata mmoja."

"Ulimwona, mwanangu. Ulimwona kwenye sahani."

Akavua miwani. Hakunigombeza, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. "Kesho ni Alhamisi. Tutaenda wote. Na usile kitu."

"Kwa nini nisile?"

"Kwa sababu wewe ukila huoni."

Sasa vijana, sikilizeni hapa, maana hii ndiyo siri ya kazi na hakuna chuo watakufundisha. Bi Zainabu alikuwa mtu wa kufunga Jumatatu na Alhamisi, sunna yake tangu usichana. Na hizo ndizo siku pekee alizotembelea watu waliosaidiwa na kamati. Nilidhani imetokea tu. Njiani ndipo aliponieleza.

"Ukiingia kwa mtu ambaye hana, kitu cha kwanza kinachompiga ni aibu. Nitampa nini huyu? Anaanza kuhangaika, anakopa sukari, anatuma mtoto majani ya chai. Mambo yake yote yanageuka kuwa yako. Lakini nikisema pale mlangoni, 'Mama, nimefunga,' mwangalie mabega. Yanashuka. Sasa hana deni la mgeni, anaweza kukaa chini na kuongea."

Hatukuanzia kwenye ploti. Tulianzia dukani kwa Mwangi, kibanda cha mbao kilicho mkabala na lango. Bi Zainabu hakuuliza nani maskini. Aliuliza nani ananunua nini.

"Mama Nekesa?" Mwangi akajikuna kichwa. "Alikuwa mtu wa pakiti. Akawa wa gorogoro. Halafu nusu. Mimi nilikuwa nanunua mayai kwake, nalipa na unga. Sasa mwezi huu ni chumvi tu na hayo mayai." Akafuta meza ya duka. "Jana jioni akaniambia mayai yameisha. Akanunua kamba."

"Kamba ya nini?"

"Ya kufunga mizigo. Wale wadogo wawili anawapeleka ushago, kijijini kwao, Jumamosi, kuna lori la mtu wa kwao linapita. Anasema ni afadhali wakae kwa shemeji kuliko wamwangalie tu. Na huyo shemeji, Bi, hata mama mwenyewe hampendi. Lakini atafanya nini?"

Nilitaka kukimbia moja kwa moja kwake. Bi Zainabu akanishika mkono. "Si kwa mlango. Nyuma."

Tukazunguka nyuma ya ploti, pale majiko yalipopangwa kando ya ukuta. Hapo ndipo nyumba husema ukweli, kwa sababu hakuna anayefagia nyuma kwa ajili ya mgeni. "Weka mkono juu," akaniambia. Jiko la Mama Kevo, vuguvugu. La pili, vuguvugu kidogo. La Mama Nekesa lilikuwa na majivu ya jana ya kuchemshia yule kuku, na pembeni, ndani ya mdomo wa jiko, utando wa buibui ambao hata huo moto wa jana haukuufikia. Kando yake kulikuwa na kibanda kidogo cha waya, kitupu. Kwenye majani kulikuwa na yai moja, baridi.

Nililia pale pale nyuma ya choo. Sikulia kwa adabu, nililia kwa sauti, mpaka mama mmoja akachungulia akidhani kuna msiba.

Na Mama Nekesa akatuona. Wee! Yule mama aliruka kama ameona nyoka. "Karibuni, karibuni! Mbona mnapitia huku?" Halafu, akituongoza uani, akapaza sauti juu ya mabati: "Themosi iko wapi?"

"Iko kwa Mama Kevo!" mtu akajibu.

"Mama Kevo! Leta!"

Mama Kevo akatokea mbio, themosi kifuani, ndala moja imebaki nyuma, kitambaa cheupe begani. Akamwona Bi Zainabu. Akaniona mimi na macho mekundu. Akasimama katikati ya uani, hajui aifiche ama aimimine.

"Rudisha, mama," akasema Bi Zainabu, akakalia mtungi uliopinduliwa. "Nimefunga."

"Na huyu?" Mama Nekesa akanielekezea kidole. Alishaniona nikila.

"Hata yeye amefunga."

"Tangu lini?"

"Tangu kuku wako."

Mama Kevo akapasuka kwa kicheko. Ploti nzima ikacheka. Mama Nekesa akacheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi, na pale pale kicheko kikageuka, akaanza kulia, na hakuna aliyemnyamazisha.

"Mimi si mtu wa kuomba," akasema alipoweza. "Mgeni amekuja na karatasi yake. Nitamwonyesha nini? Majivu?"

"Ndiyo," akasema Bi Zainabu. "Majivu."

"Chai iliishia nyumba ya nane," Mama Nekesa akaniambia mimi, kama anaomba msamaha. "Sukari tuliichanga wote, na wewe mama unapenda kikombe kikijaa. Ilipofika kwangu ilikuwa chupa tupu. Ningekupa nini? Nikamshika kuku."

Vijana, nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimekunywa sukari ya watu tisa, na kwa sababu niliimaliza, nikala na kuku aliyekuwa akilisha watoto wanne.

Bi Zainabu aliangalia mlangoni kwa Mama Nekesa. Ndani kulikuwa na mifuko miwili, imefungwa na ile kamba mpya. Hakuitaja. Aliuliza kitu kingine kabisa.

"Jana, nani alipanga hii themosi iende wapi, saa ngapi?"

Wanawake wakatazamana. Wote wakamtazama Mama Nekesa.

"Ni mimi," akasema. "Huyu mama akiingia choo, tunahamisha. Akichelewa kutoka, ni sawa. Akitoka mapema, Mama Kevo anamuuliza watoto."

"Na wewe ukajiweka mwisho."

"Mwenye kugawa ni wa mwisho, si ndiyo?"

Bi Zainabu akanigeukia. "Kamati yangu ina watu saba, na hatujawahi kuzungusha kalamu moja bila kugombana. Huyu amezungusha themosi, vikombe sita na vitambaa nyumba tisa, asubuhi moja, na hakuna kikombe kimevunjika." Akamgeukia Mama Nekesa. "Sikupi msaada. Nakupa kazi. Unga na maharagwe ya ploti hii hayatakuja nyumba kwa nyumba, yatakuja kwako. Sufuria moja kubwa, mchana, watoto wote wa ploti wanakula pamoja, na wazazi wasio na kibarua siku hiyo wanapika kwa zamu. Wewe ndiye unapanga. Utaweza?"

Mama Nekesa akajifuta uso na leso. Nilidhani atasema asante. Akasema, "Kwa sharti. Mgeni akija, atakula."

"Atakula ugali na maharagwe kama wengine."

"Sawa. Lakini atakula."

Jumamosi lile lori lilifika likapiga honi pale nje. Mama Nekesa akatoka langoni na mwiko mkononi, akamwambia dereva amsalimie shemeji, aende tu. Nilikuwepo, nilikuwa nachambua maharagwe kama adhabu. Wale wadogo wawili walisimama nyuma yake wakimpungia dereva. Ile kamba ikawa ya kuanikia nguo, na iliendelea kuanika nguo hapo miaka mingi baadaye.

Jumatatu yake nikampelekea kuku, mtetea mweusi, niliyemnunua sokoni mwenyewe. Akampa jina Fomu. Basi ikawa nikipita Gitothua nasikia watoto wanapiga kelele, "Fomu ametaga!" "Fomu ameingia kwa Mama Kevo!" "Fomu amenyea kikombe!" Nami naitikia, kwa sababu sijui wananiita mimi ama yule mwingine.

Fomu yangu ile ya maswali kumi na mawili niliitia kwenye jiko la stoo. Makaratasi mengi, lakini maji hayakuchemka. Tangu hapo nilibeba kiondo chenye sukuma wiki juu, daftari chini, ili jirani wa mtu asijue nimekuja kwa nini. Sikutangaza tena siku ya kuja. Nilianzia dukani, nikapitia nyuma. Na nilifunga Jumatatu na Alhamisi, mimi Mkristo wa kuimba kwaya, mpaka habari zikafika kanisani kwamba Wairimu amesilimu. Mchungaji alinijia nyumbani, uso mzito.

"Mama, nasikia umehama."

"Nimehama kutoka mezani, mchungaji. Keti nikueleze. Chai utakunywa?"

"Hapana," akasema haraka, "hapana, nami pia nimefunga." Sijui alisikia kwa nani.

Bi Zainabu alitutoka zamani. Mimi nilipostaafu, Mama Nekesa alikuja kwenye karamu yangu na binti yake mdogo, mmoja wa wale wa mifuko, sasa mwalimu, na kitu kimefungwa kwa leso. Ilikuwa themosi. Maua yamefifia, uzi wa bluu ni ule ule, Mama Kevo aliwaachia alipohama. "Hii imetembea sana," akasema. "Ipumzike kwako."

Sasa Shiko, nilisema nitakurudia.

Ulituma ujumbe Jumatatu kwamba utakuja Jumanne. Adabu nzuri. Ulikalia kiti chenye kitambaa cheupe, ukanywa chai kwenye themosi ya maua mekundu, vikombe viwili. Ukala kuku, nikakuwekea na firigisi. Ukaniuliza, "Cucu, una themosi?" Nikasema ndiyo. "Unakula nyama?" Ulikuwa bado unatafuna. Simu ikalia ting, ukafurahi kweli kweli, ukaniambia, "Cucu, wewe unajiweza!" Nami nikacheka, nikakusindikiza mpaka langoni.

Kitambaa ni cha jirani wa chini. Sukari ni ya jirani wa juu. Kuku alikuwa anataga. Tangu nilipoona ujumbe wako nilijua ninachofanya, nimewaona wangapi wakikifanya, lakini mikono ilitoa vikombe yenyewe, mwanangu, sikuweza kuizuia.

Kwa hivyo njoo tena. Njoo Alhamisi, usitume ujumbe, na usile. Pitia nyuma, uweke mkono juu ya jiko.